Mto wa Kilomita Mbili



Wapendwa waamini na wasomaji wa tafakari hizi, tupo katika juma la 3 la Kwaresima. Mama Kanisa, katika Mwaka A wa Liturujia, anatusomea Injili ya Yesu na mwanamke Msamaria (Yn 4:5-42). Wataalamu wa Maandiko Matakatifu hutueleza kwamba katika lugha ya Kigiriki Mwinjili Yohane anatumia maneno mawili kwa mahali pale pale. Neno moja lina maana ya kisima, yaani shimo lililochimbwa na watu. Neno la pili lina maana ya chemchemi. Mwanamke yule anazungumza habari za kisima na kina chake. Yesu anamwahidi chemchemi. Kwa sababu hiyo nimeona vema juma hili niwaelezee chemchemi moja niliyoiona kwa macho yangu, pamoja na mto mfupi unaotoka humo, kwa kuwa umenifundisha jambo ambalo ningependa tulitafakari pamoja kabla ya Pasaka.

Nilipokuwa masomoni Roma, kama ilivyo desturi kwa mapadre wanafunzi, wakati wa sikukuu nilitumwa kusaidia katika parokia moja ya kaskazini mashariki mwa Italia, si mbali na mji wa bandari wa Trieste. Siku moja baada ya Misa mzee mmoja wa parokia ile alinichukua kwa gari lake hadi kijiji cha San Giovanni di Duino, ambacho Waslovenia hukiita Štivan. Hapo pana kanisa la mawe, San Giovanni in Tuba, lililojengwa juu ya misingi ya basilika ya karne ya 5. Hatua chache kutoka kanisani, chini ya miti, maji ya rangi ya kijani iliyokoza hutoka chini ya mwamba. Hayachuruziki wala hayaruki juu. Yanapanda kimya kimya kutoka kilindini, na papo hapo yanakuwa mto kamili, mpana, wenye nguvu ya kubeba mashua. Jina lake ni Timavo.

Mto huo una vinywa vitatu vikubwa, ambavyo maji yake huungana baada ya mwendo mfupi. Virgil, mshairi wa Warumi, aliutaja katika Aeneid akisema una vinywa 9. Kisha mto hupita katika nchi tambarare upande wa Monfalcone na kuingia katika Bahari ya Adriatiki. Tangu mwambani hadi baharini ni kilomita 2 tu. Mtu mzima anaweza kutembea urefu wake wote kabla chai yake haijapoa nyumbani. Hata hivyo, kwa wastani vinywa vile hutoa mita za ujazo takriban 30 za maji kila sekunde, na hata katika kiangazi kikali havikauki.

Nilimwuliza mzee yule imewezekanaje mto mkubwa hivyo uwe mfupi hivyo. Akacheka, akaniambia, “Padre, huu si mfupi. Wewe umeuona mwisho wake tu.”

Hebu basi tuufuate kuelekea nyuma. Juu ya kijiji hicho kuna uwanda mkavu wa mawe ya chokaa, ulioko Italia upande mmoja na kuenea hadi ndani ya Slovenia. Waslovenia huuita Kras, Waitaliano Carso, na Wajerumani Karst; ni kutokana na jina la uwanda huu wanajiolojia wa dunia nzima wameipa jina nchi yoyote ya namna hii. Mvua inaponyesha hujichanganya na hewa ya ukaa iliyomo angani na udongoni, ikawa na uchachu hafifu sana. Uchachu huo huyeyusha chokaa kidogo kidogo. Ufa mwembamba kama uzi, baada ya maelfu ya miaka, huwa mfereji. Mfereji huwa pango. Matokeo yake ni kwamba juu ya uwanda ule hakuna mito. Maji yote hushuka chini. Kwa karne nyingi wanavijiji wa juu walikinga maji ya mvua kutoka mapaa yao na kuyahifadhi katika matangi ya mawe, huku mto mzima ukipita mamia ya mita chini ya miguu yao.

Mto huo huanza mbali, chini ya mlima Snežnik, karibu na mpaka wa Kroatia na Slovenia. Huko huitwa Reka, neno ambalo kwa Kislovenia maana yake ni “mto” tu. Kwa zaidi ya kilomita 50 hupita juu ya ardhi kama mito mingine, kwa kuwa udongo na mawe ya huko hayapitishi maji. Ukifika kwenye mpaka wa chokaa, mahali paitwapo Škocjan, unaingia mlimani kupitia lango kubwa la mwamba na kutoweka. Mapango ya Škocjan yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1986. Ndani yake kuna korongo ambalo jua halijapata kulifikia, na ukumbi mmoja wenye kimo cha mita 146. Mwaka 1965, wakati wa mafuriko, maji yalipanda humo zaidi ya mita 100.

Kutoka Škocjan hadi vinywa vya Timavo ni zaidi ya kilomita 30 ukipima kwa mstari ulionyooka, na njia ya maji yenyewe ni ndefu zaidi. Watu wa kale walikwisha kuhisi kwamba mto unaozama na mto unaotokea ni mmoja. Tangu kabla ya Kristo waliandika hivyo. Lakini kuhisi si kuthibitisha. Mwaka 1841 Anton Friedrich Lindner, aliyekuwa akitafuta maji kwa ajili ya mji wa Trieste uliokuwa ukikua upesi, alishuka pamoja na wafanyakazi wake katika shimo la Trebiciano. Baada ya kupanua nyufa kwa miezi mingi walifika kina cha mita 329, na chini kabisa wakakuta mto ukipita gizani. Maji yalikuwa chini mno, hayakuweza kuvutwa juu kwa vyombo vya wakati ule. Lakini walikuwa wameuona. Mwaka 1907 mkemia Guido Timeus alitia chumvi ya lithiamu katika maji yanayozama Škocjan, na chumvi ile ikapatikana katika chemchemi za Timavo. Katika miaka ya 1920 watafiti waliachilia mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, wakiwa wametiwa alama; baadhi yao walitokea upande wa pili wakiwa hai.

Ipo ishara nyingine ambayo wanasayansi hawaihitaji, ila sisi Wakristo tunaweza kuifurahia. Jina Škocjan ni jina la Mtakatifu Kansiani, na kanisa la kijiji kilichosimama juu ya mapango yale limewekwa chini ya ulinzi wake. Huyu ni mmoja wa mashahidi waliouawa katika dhuluma ya mwanzoni mwa karne ya 4, mahali panapoitwa leo San Canzian d'Isonzo, mwendo mfupi tu kutoka Timavo. Mahali mto unapopotea paliitwa kwa jina la shahidi aliyemwaga damu yake karibu na mahali unapopatikana tena.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapoomba mnisikilize kwa makini.

Mtu anayesimama Škocjan akitazama maji yakiingia mlimani anaweza kudhani kwamba shimo lile linameza. Kitu kikitupwa humo, kimekwisha. Fikra hiyo si kweli, na watu wa nchi ile waliujifunza ukweli kwa uchungu. Katika miaka ya 1960 hadi 1980 viwanda vya upande wa juu vilimwaga taka zao katika Reka, hata mto ukawa miongoni mwa mito iliyochafuka sana katika Yugoslavia ya wakati ule. Povu na harufu viliingia mapangoni. Na upande wa pili, tangu mwaka 1929, mji wa Trieste ulikuwa ukipata maji ya bomba kutoka chemchemi zile. Mawe ya chokaa hayachuji maji kama mchanga unavyochuja. Mapito yake ni mapana, na kinachoingia hutoka karibu kama kilivyoingia. Wakati wa mafuriko ni suala la siku chache tu. Baada ya viwanda vile kufungwa au kubadilika, kuanzia mwaka 1990 hivi, mto ulianza kupona. Sisi watu wa pwani tuliochimba visima katika mawe ya matumbawe tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine: choo cha shimo cha jirani kinaweza kuwa ndani ya kisima changu ijapokuwa ukuta umetutenga.

Kuna vitu vizito kuliko taka vilivyotupwa katika mashimo ya Karst. Nchi ile imepita mikononi mwa watawala wengi. Hadi mwaka 1918 ilikuwa ya Austria na Hungaria, kisha ikawa ya Italia. Utawala wa Kifashisti ulifunga shule za Waslovenia na Wakroatia na kuwalazimisha wabadili majina ya koo zao; mwaka 1941 majeshi ya Italia yaliingia Yugoslavia, na maelfu ya raia wakapelekwa makambini. Kisha kisasi kikaja. Katika vuli ya mwaka 1943, na tena katika Mei na Juni 1945, wafuasi wa majeshi ya Yugoslavia waliwaua watu, wenye hatia na wasio na hatia, na maiti za wengi zikatupwa katika mashimo yale ya chokaa ambayo Waitaliano huyaita foibe. Kwa miongo mingi pande zote mbili hazikutaka kuyazungumza. Kila upande ulikumbuka shimo alimotupwa wa kwake na kusahau shimo alimomtupa mwenzake.

Nilimwuliza mzee yule habari hizo. Alikuwa msemaji sana, lakini hapo alinyamaza, akawa anatazama maji. Baadaye alisema tu, “Kwetu kila nyumba ina shimo lake, Padre.” Sikumwuliza tena.

Lakini shimo halikumeza. Watoto walizaliwa ndani ya ukimya ule na kurithi hofu ambayo hawakujua chanzo chake, wakamchukia jirani bila kuambiwa sababu. Mwaka 2004 Italia ilipitisha sheria ya kuweka siku ya kumbukumbu, tarehe 10 Februari. Tarehe 13 Julai 2020 Rais Sergio Mattarella wa Italia na Rais Borut Pahor wa Slovenia walisimama wakiwa wameshikana mikono huko Basovizza, mbele ya shimo la mgodi walimotupwa wahanga wa mwaka 1945. Siku hiyo hiyo walisimama pia mbele ya mnara wa vijana wanne Waslovenia waliopigwa risasi na utawala wa Kifashisti mwaka 1930. Makaburi mawili, siku moja, mikono ile ile. Ilichukua miaka 75, lakini maji yalitokea.

Kwa nini nawaeleza haya ninyi, ambao wengi wenu hamtaiona Trieste? Kwa sababu nasi tunayo mashimo. Ninazungumza waziwazi. Katika miaka yangu ya upadre nimeketi katika vikao vya familia ambamo mtoto ameumizwa na mtu wa nyumbani: mjomba, baba wa kambo, mpangaji, wakati mwingine mtu anayeheshimiwa Kanisani. Wazee hukohoa, halafu mmoja husema, “Mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani.” Hutolewa mbuzi, au fedha, au ahadi. Mtoto huambiwa asiseme tena. Wote huenda zao wakidhani jambo limekwisha.

Halikwisha. Limeingia Škocjan. Miaka 15 baadaye litatokea mahali pengine: katika ndoa ambayo haikai, katika pombe, katika binti anayeogopa kuguswa, katika kijana anayemfanyia mwingine alichofanyiwa. Watu watauliza tabia hii imetoka wapi, nao wazee wanaojua watakuwa wamelala makaburini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi viongozi wa Kanisa hatuwezi kuwanyoshea kidole wengine, kwa kuwa dunia yote imeona jinsi katika nchi nyingi maovu ya namna hii yalivyofukiwa chini ya zulia la sakristia ili kulinda jina, na jinsi yalivyotoka yakiwa na uchungu mkubwa zaidi. Ndiyo maana mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa hati iliyopewa jina la maneno ya Bwana juu ya wanafunzi wake kuwa nuru ya ulimwengu, akawalazimisha mapadre na watawa wote kutoa taarifa kwa wakubwa wa Kanisa wanapopata habari za unyanyasaji huo.

Mtu mmoja ameniuliza: je, kitubio si mahali pa siri? Ndiyo, na siri ya kitubio haitavunjwa kamwe, hata kwa kufa. Lakini kitubio si shimo la kutupia. Anayekuja huko kwa kweli hutaja dhambi yake, huikubali, na kuazimia kulipa deni alilomwekea mwenzake. Mtazameni mwanamke Msamaria. Alikuja kisimani saa sita mchana, saa ambayo wengine hawachoti. Yesu alitaja maisha yake yote bila kupunguza hata mume mmoja, na wala hakumwaibisha. Mwanamke akauacha mtungi wake, akaenda mjini kuwaambia watu wale wale aliokuwa akiwakwepa. Alichokuwa akikificha ndicho kilichokuwa ushuhuda wake wa kwanza.

Sitaki nimalizie kwa hofu tu, kwa maana mto ule una habari njema pia. Nimewaambia kwamba vinywa vya Timavo hutoa wastani wa mita za ujazo 30 kwa sekunde. Reka unapozama Škocjan huwa na wastani wa 8 hivi. Wakati wa ukame Reka hubaki kijito chembamba, ilhali Timavo unaendelea kutiririka. Maji mengine yametoka wapi? Yametoka katika kila tone la mvua lililoanguka juu ya uwanda ule mkavu, na katika maji ya mto Isonzo yanayopenya kupitia changarawe upande wa magharibi. Kule chini gizani, mahali ambapo hakuna jicho linaloona, mto umekuwa ukipokea, na unatoka ukiwa mkubwa mara tatu na zaidi kuliko ulivyoingia.

Wako kati yenu akina mama wanaomwombea mtoto mmoja kwa miaka 20 na hawaoni kitu. Wako makatekista waliofundisha katika vigango ambavyo leo havina hata mtu wa kuwakumbuka. Wako waliosamehe bila kumwambia yeyote kwamba walikuwa na la kusamehe. Juu ya ardhi ni mawe matupu. Msihukumu kwa kutazama mawe. Mema yanayotupwa gizani kwa imani nayo hayamezwi. Mungu huyaongezea kutoka mahali ambapo hatukupajua, na siku moja mtu ambaye hatutamfahamu atakunywa.

Basi wapendwa, Kwaresima hii nawaomba mambo mawili. La kwanza, kila familia ijiulize kama kuna shimo ambalo imekubaliana kutolitazama. Kama ndani yake yuko mtoto anayeumia sasa, msisubiri kikao kingine, wala msiishie kwangu. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au pigeni simu namba 116, ambayo haina malipo. Anayehitaji kusindikizwa aje ofisini, nami nitakwenda naye. La pili, njoni katika Sakramenti ya Kitubio. Nitakuwa kanisani kila Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri hadi mtu wa mwisho atakapoondoka.

Bwana Yesu, uliyeketi kisimani ukiwa umechoka, ukamngoja mtu mmoja, utungoje na sisi. Ayatajaye yote tuliyoyafanya ndiye anayetupenda. Utupe maji yaliyo hai.

Nawatakieni Kwaresima njema.

Ni mimi Padre wenu katika Kristo.